Kitu Laini Upande wa Kushoto

Baie-Rousse,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Euclide,

Pokea salamu zetu za huku pwani, na pole kwa baridi ya huko, ingawa najua utasema baridi ya Alberta ni kavu na haiumizi kama yetu. Mgongo wako unaendeleaje? Mama ameniagiza nikuulize kama bado unaupaka ile dawa aliyokutumia, au umeitupa kama ulivyoitupa ya kwanza. Sisi hatujambo. Goti linamsumbua Mama anapopanda ngazi za kanisa, lakini siku ya karata kwenye ukumbi wa parokia hakuna cha goti wala ngazi. Barafu imeondoka kwenye ghuba, na kiwanda cha kaa kimeanza kuwaita watu kazini.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu simu ya nyumbani ina masikio ya Mama, na pia kwa sababu wewe ukisimuliwa jambo hukatiza. Safari hii nataka ufike mwisho. Najua binamu yetu Gilberte ameshakueleza kwamba nilimshika mwuza sumu mkononi nikamwachia aende zake, na mtu akafa. Gilberte hakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitakusimulia ilivyokuwa. Jina la mwanamke mwenyewe nitaliacha kwanza. Unamfahamu, na ukilijua sasa hivi hutasoma tena yaliyobaki.

Vidonge vile vya kulevya vya bluu ulivyovisikia viliingia mjini kwetu msimu wa vuli. Kabla ya Krismasi tulikuwa tumeshazika vijana wawili. Sajini Ulysse Haché aliichukulia habari hiyo kama ugomvi wake binafsi. Unamkumbuka Sajini: ndiye aliyebeba jeneza la Baba upande wa mbele, ndiye aliyewafundisha nusu ya wanaume wa mji huu kucheza hoki, na ndiye aliyenipendekeza nilipoomba kazi ya polisi. Sitaki usome barua hii ukamwona mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuwapelekea wazazi habari za misiba.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa pili, mchana, saa za watoto kutoka shule. Nilikuwa kituoni nikishughulikia wizi wa pikipiki ya theluji, Sajini akaniita kwenye redio. Alisema niende upesi kwenye uwanja wa barafu, ule wa hoki, anahitaji mwanamke. Kwa lugha ya kazi yetu maneno hayo yana maana moja tu: kuna mwanamke wa kupekuliwa, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake.

Nilimkuta amesimamisha gari la kijivu mlangoni mwa uwanja. Mtu asiyejitaja jina alikuwa amepiga simu kituoni akisema kwamba mchana huo gari la kijivu litaleta vidonge pale. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Kaka, mwezi wa pili Baie-Rousse kila gari ni la kijivu. Hata langu jekundu lilikuwa la kijivu kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya gari, mikono ameificha ndani ya mikono ya koti. Alinisalimia kwa jina langu, nami nikamsalimia kwa lake. Nilimvuta Sajini pembeni nikamuuliza kama amemkamata. Alisema bado, amemzuia tu kwa uchunguzi. Nikauliza kama amemweleza sababu na haki yake ya kuzungumza na wakili. Alikuwa amemweleza yote mawili; katika hayo Sajini ni mwangalifu, nami nililisema hilo baadaye mbele ya kikao cha nidhamu. Mwanamke alimjibu kwamba hahitaji wakili, anahitaji kurudi nyumbani, ameacha chungu motoni.

Wewe kazi yako ni kuchimba mafuta, kwa hiyo acha nikueleze kwa maneno ya kawaida. Mtu aliyekamatwa, polisi anaweza kumpekua mifuko yake na alivyobeba. Mtu aliyezuiwa tu kwa kushukiwa, ninaruhusiwa kumpapasa juu ya nguo, na hata hivyo ni pale tu ninapokuwa na sababu ya kuhofia silaha. Natafuta kitu cha kuniumiza, sitafuti kosa. Mkono ukigusa kitu kisichoweza kuniumiza, mkono unapita. Na kumvua mtu nguo ni jambo jingine kabisa. Hilo linataka awe amekamatwa, kuwe na sababu nyingine juu ya ile ya kumkamata, na lifanyike kituoni, faraghani, kwa idhini ya mkubwa. Mahakama ya Juu ya nchi ilishasema kwamba hilo ni kumdhalilisha mtu, hata likifanywa kwa adabu zote.

Sajini alisema mwanamke alikuwa anaingiza mkono kifuani mwa koti kila mara, naye amehofia. Niliona hiyo ni sababu. Nikamwendea yule mwanamke, nikamweleza ninachotaka kufanya, nikampapasa. Nilikuta funguo na pakiti ya peremende za kifua. Halafu, upande wa kushoto, chini ya sweta, mkono wangu ukagusa kitu laini, cha ukubwa wa ngumi, kimekaa mahali pasipo mfuko. Alinitazama kama mtu anayesubiri kupigwa.

Sajini aliiona ile sura. "Kuna nini?" akauliza.

Ningeweza kusema hakuna kitu. Nilisema kweli. "Kuna kitu laini. Si silaha."

"Kitoe."

"Si silaha, Sajini."

"Nimesikia. Mpeleke chumba cha kubadilishia nguo humo ndani, watoto hawajaingia bado. Mvue tuone."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimekwambia."

"Hajakamatwa."

"Haya, namkamata."

"Kwa kosa gani?"

Hapo alisita. Kisha akanyoosha kidole. "Mwangalie uso, Edmée! Huo ni uso wa mtu safi huo?"

Nikamwambia uso si sababu. Nikamwambia kama anacho cha kumkamatia, amkamate, tumpeleke kituoni, aongee na wakili, sababu zijulikane, nami nitamvua kwa mikono yangu mwenyewe katika chumba chenye mlango. Lakini si katika chumba cha watoto wa hoki, kwa sauti isiyo na jina na rangi ya gari.

Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo iliponiwia vigumu. "Binti, nimezika wawili. Unataka nizike wa tatu kwa ajili ya kitabu chako cha sheria?"

Kisha akamgeukia mwanamke, akajaribu kwa upole. "Mama, wewe mwenyewe kubali tu, yaishe. Kama huna kitu unaogopa nini?"

Ndipo nilipofanya lile ambalo mji mzima unanilaumu kwalo. Nilimwambia yule mwanamke, mbele ya mkubwa wangu, kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba kukataa si kosa wala si ushahidi wa kosa.

"Sikubali," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisikika.

Nikamwambia Sajini amkamate au amwachie. Alilipiga paa la gari kwa kiganja, akasogea pembeni. Mwanamke akaingia garini, akashindwa kuliwasha mara ya kwanza, kisha akaondoka. Sajini hakunitazama. Alisema tu, "Mungu akusaidie kama mtu atakufa."

Jumamosi iliyofuata Rhéal Gauvin alikutwa amekufa ndani ya gari lake nyuma ya kiwanda, na vidonge vya bluu mfukoni. Nadhani unamkumbuka akiwa mdogo. Alikuwa kipa wa timu ya Sajini, yule aliyekuwa akilia kila akifungwa. Mpaka leo haijulikani ni nani aliyemuuzia. Mjini, hata hivyo, ilijulikana siku hiyohiyo. Wavulana wawili walikuwa wamefika uwanjani mapema na kutuona, na habari za kitu laini kifuani mwa mtu hazihitaji redio kusambaa.

Dukani watu walianza kunipisha kwenye foleni, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Mtu aliandika jina la Rhéal kwa kidole kwenye chumvi ya kioo cha gari langu. Sikulifuta, lilifutwa na theluji. Yule mwanamke naye hakusalimika. Kiwandani wenzake walihama meza yake wakati wa chakula, na mmoja alimuuliza kwa sauti kama leo amebeba laini au ngumu.

Mama alikwenda kwenye karata akakuta kiti chake kimekaliwa. Mjane wa Théophane akamwambia, bila hata kuinua macho kwenye karata zake, kwamba binti yake ana mkono laini mno kwa kazi ya polisi. Mama alisimama katikati ya ukumbi, fimbo mkononi, akasema kama wanataka binti yake awavue watu nguo bila sababu, basi waanze wao, wapange foleni pale pale, wanene mbele. Padri alikuwepo. Nasikia alicheka kabla hajakumbuka kwamba ni padri. Kiti alirudishiwa.

Nilikwenda kwenye maziko ya Rhéal, nikasimama nyuma. Misa ilipokwisha mama yake alinifuata. Hakupiga kelele. Alinishika mikono, akaigeuza juu na chini, akauliza, "Ndiyo hii?" Nikasema ndiyo. Aliitazama kidogo, kisha akaiachia, akaenda kwa watu wake. Katika mambo yote ya msimu huu, hilo ndilo linalonirudia nikiwa nafanya kazi nyingine, kama kumenya viazi.

Sajini alinishtaki kwa kukaidi amri. Kikao kilifanyika mwezi wa tatu katika chumba cha baraza la mji, na wajumbe watatu walitoka Fredericton, makao makuu ya jimbo. Sajini alizungumza vizuri, bila chuki. Alisema mimi ni askari mzuri, ila siku ile nililegea kwa sababu mwanamke yule nilikuwa namjua. Niliulizwa kama ni kweli namjua. Nilijibu kwamba Baie-Rousse hakuna nisiyemjua, na kama kumjua mtu kunazuia kazi, basi mji uazime polisi kutoka ng'ambo.

Mjumbe mmoja alikuwa mama wa makamo, aliyewahi kuwa wakili. Aliniuliza nilidhani kitu kile ni nini. Nilisema sikudhani, nilijua tu kwamba hakiwezi kumuumiza mtu, na kazi ya mkono wangu ilikuwa imeishia hapo. Akaniuliza ningefanya nini kama ningekuwa na hakika kwamba ni vidonge. Nilimwambia hakika yenye msingi ni sababu. Ningeisema, na mwanamke angekamatwa. Sikuwa nayo. Nilikuwa na ulaini tu.

Waliamua kwamba amri ile haikuwa halali na kwamba niliikataa kwa haki. Walisema pia kwamba hata kama vidonge vingepatikana kwa njia ile, mahakama ingeweza kuvitupa nje, na mwuzaji angerudi mtaani akiwa ameshajifunza. Lakini uamuzi wao haukusema ndani ya sweta mlikuwa na nini, na watu walitaka kujua hilo tu. Mimi sasa nakaa mapokezi kituoni, napokea watu waliopoteza mbwa na pochi. Wanasema ni kwa muda. Sajini amestaafu mapema, kwa hiari yake. Nilikutana naye kituo cha mafuta, akanisaidia kufungua kifuniko cha tangi kilichokuwa kimeganda. Alisema, "Ulifanya kazi yako, Edmée. Na Rhéal amekufa." Nikamshukuru kwa kifuniko.

Sasa, kaka, nimefika pale nilipokuwa napaogopa. Kama umesimama, kaa.

Siku chache kabla ya kikao, Mama akiwa parokiani, mlango wa jikoni ulibishwa. Alikuwa Clarisse Mazerolle.

Ndiyo, ni yeye. Mwanamke wa lile gari la kijivu alikuwa Clarisse wako.

Alikuja kuniambia kwamba atafika kwenye kikao kunitetea. Hakuvua koti. Alizungumza akiwa amesimama karibu na jiko, akitazama sufuria kuliko kunitazama mimi. Kitu nilichogusa, alisema, ni pamba. Aliifunika kwa kitambaa akaishona mwenyewe, kwa sababu ile waliyompa hospitali inamwasha ngozi. Titi la kushoto hana. Alikatwa hospitalini Moncton miaka sita iliyopita, kwa sababu ya saratani. Kiwandani aliaga kwamba anakwenda kumuuguza shangazi yake, na shangazi alikubali kuugua kwa ajili hiyo. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Mkono ulikuwa unaingia kifuani mwa koti siku ile kwa sababu pamba ilikuwa imesogea, naye alikuwa anairudisha.

Miaka sita iliyopita, Euclide. Niliyahesabu majira pale pale jikoni. Ilikuwa vuli ile aliyokurudishia pete ya uchumba.

Nilimuuliza kama wewe unajua. Akasema, "Euclide anajua kuna mwanamume mwingine. Hakukuwa na mwanamume. Alidhani hivyo, nami nikamwacha adhani." Nikamuuliza kwa nini. Alinijibu kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. Alisema ulikuwa umemuuguza Baba mpaka mwisho, umembeba, umemlisha, umemsafisha, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka. Alikuona mlangoni mwa kanisa umekonda kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa. Hakuweza kukupa mgonjwa mwingine. Na alijua kwamba akikwambia, hutaondoka.

Nilimkataza kuja kwenye kikao. Nilimwambia kama mwanamke analazimika kufunua kifua mbele ya wajumbe ili kuthibitisha kwamba hakustahili kufunuliwa uwanjani, basi mimi sikumkinga na kitu. Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akauliza kama kuna chai. Wajumbe waliniuliza nilidhani ni nini siku ile. Hakuna aliyeniuliza kama ninajua sasa, nami sikujitolea.

Na kuna hili, ambalo nimemwambia yeye na sasa nakwambia wewe. Sajini alisema nililegea kwa sababu ninamjua. Alikosea. Mimi nilikuwa namchukia. Miaka sita nilipishana naye dukani nikimsalimia kwa midomo tu, kwa jinsi alivyokufanya uhame kwenu na usirudi hata kwa Krismasi. Mkono wangu ulipogusa kile kitu, kwa dakika ile, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo umepatikana. Kama jambo lingeachiwa moyo wangu uamue, ningempeleka kile chumba na ningemvua bila kufunga mlango. Sikufanya hivyo kwa sababu sikuruhusiwa, na kwa sababu hiyo tu. Watu husema sheria ni kitu baridi. Mimi nashukuru siku ile ilikuwa baridi kuliko mimi. Nilipomweleza Clarisse haya, alisema alikuwa ameliona hilo usoni mwangu wakati nampapasa, na ndiyo maana hakuelewa nilipomwambia ana haki ya kukataa.

Baada ya uamuzi alirudi tena, safari hii kwa mlango wa mbele, na akavua koti. Afya yake ni nzuri. Anamwona daktari mara moja kwa mwaka na kila mara anarudishwa nyumbani bila jipya. Alisema amechoka kuwa na siri ambayo nusu ya mji inadhani ni vidonge, lakini hayuko tayari kuwapa watu wa karata nyingine ya kuchezea. Akasema mtu mmoja tu ninaruhusiwa kumwambia, na mtu huyo ni wewe. Kwa hiyo Mama hajui, na Gilberte, tafadhali sana, asijue.

Nilimuuliza kama nikuandikie salamu zake. Alizungusha kikombe mezani. Kisha akasema hapana, salamu ni nyingi mno. "Mwandikie tu kwamba bado ninaishi nyumba ile ile."

Hakunituma nikuulize kitu, nami sikuulizi.

Jikinge na upepo huko juu, ule vizuri, na usinyanyue mabomba peke yako. Wasalimie wenzako wa kambini, hasa yule mtu wa Newfoundland aliyekuuguza ulipoteguka mgongo. Mama anakubusu, anasema chumba chako bado kinapitisha upepo dirishani na anasubiri mtu mrefu aje alizibe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Edmée